Mwimbaji Hupimwa Mara Mbili

Soko la Jericho lina mafundi wa cherehani kumi na mmoja, lakini ni mmoja tu atakayekuambia, "Sasa vuta pumzi kama unataka kuimba." Huyo ni Anti Mwongeli, mdogo wa mama yangu. Yeye ndiye huishonea kwaya yetu sare za Krismasi, na ana sheria yake: mwimbaji hupimwa kifua mara mbili. Kwanza akiwa ametoa pumzi yote, halafu akiwa ameijaza mpaka basi. Tofauti anaiandika kwenye daftari.

"Ukimshonea mwimbaji shati la mtu anayenyamaza," husema, "vifungo vitaruka kwenye haleluya ya kwanza."

Babu yangu alikuwa mchonga vinyago Wamunyu, na Anti anasema ni kwake alikojifunza kuutazama mwili: wapi kuna mfupa, wapi kuna nyama, wapi kuna hewa tu. Mimi niko kidato cha pili na bayolojia naipenda, lakini sijaona mwalimu anayetazama watu hivyo.

Juni ya mwaka huu, 1996, Wesonga alikuja kupimwa, na kibanda kikajaa. Wesonga ndiye nguzo ya sauti ya nne, ile nzito ya chini. Kwa miaka mingi alibeba magunia katika ghala moja karibu na Mukuru kwa Reuben, kisha wakamfanya nyapara, wakampa na kiti.

"Mambo, fundi?"

"Poa. Inua mikono. Kiuno arobaini na tatu. Mwaka juzi kilikuwa thelathini na tano."

"Hiyo ni afya, dada! Nairobi imenikubali."

"Na huu mkono? Ulikuwa inchi kumi na nne, leo ni kumi na mbili na nusu. Nairobi imekubali tumbo, mikono imeikataa."

Foleni yote ikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Patrobas wa sauti ya tatu, mwembamba kama ufito. "Nyapara, si unigawie kidogo!"

"Wewe kula kwanza. Siku ya tamasha la Krismasi upepo wa Kaloleni utakubeba ukutoe ukumbini."

Wesonga akajaza pumzi. Tepu ikasogea inchi mbili na nusu, Anti akaandika.

Julai homa ya mafua ilipita mtaani kama kadi ya mchango wa harusi: haikuruka mlango hata mmoja. Iliwaangusha Patrobas na Wesonga katika wiki ileile, wakalazwa wodi moja, vitanda vikipakana.

Jumapili baada ya ibada tulienda kuwaona. Kwaya nzima ilikuwa imemzunguka Patrobas. Siku hizi mtu akikonda, watu huanza kunong'ona habari za ule ugonjwa usiotajwa, na akina mama walikuwa wameshaanza zile nyimbo za polepole. Maskini Patrobas alikuwa akikohoa huku akijaribu kuwaambia kwamba ameshakunywa uji vikombe viwili.

Kwa Wesonga hakukuwa na mtu ila mkewe, Nekesa, aliyekuwa akipanga nguo kwenye mfuko.

"Tunaenda nyumbani," alisema. "Amemwambia daktari anajisikia nafuu, tunangoja sahihi tu. Homa itamfanya nini mtu mwenye mwili kama huu? Huyu ana akiba. Kitanda wapewe wanaokihitaji." Akamtupia Patrobas jicho la huruma.

Wesonga alikuwa amelala chali, tumbo limesimama kama kilima. "Niko... sawa... fundi."

Anti alikuwa anaangalia shati, lile alilomshonea mwenyewe. Nami nikaangalia. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka haraka haraka, mishipa ya shingo imekazana, lakini vifungo vya kifuani vilikuwa vimetulia kabisa.

Anti huenda na tepu shingoni hata kanisani. Akaishika.

"Jiinue kidogo, Wesonga, nipitishe tepu. Haya, vuta kama unataka kuimba."

"Mama, hapa hatushoni sare," ilisema sauti nyuma yetu. Ilikuwa ya Sista Lydiah, muuguzi wa zamu.

"Sista, Juni mtu huyu alisogeza hii tepu inchi mbili na nusu. Leo hata nusu haijafika. Nakuomba, hesabu pumzi zake."

Sista akatabasamu, akatazama saa yake. Dakika ilipokwisha, tabasamu halikuwepo tena.

"Nani amemlaza chali?"

"Ni mimi," Nekesa akasema, "ili apumzike."

Basi mambo yakaenda mbio. Waliinua kichwa cha kitanda, wakamkalisha Wesonga, wakamwekea oksijeni, daktari akaitwa. Sahihi haikutiwa. Mfuko wa nguo ukarudi chini ya kitanda, na Nekesa akaketi juu ya kibago kando ya mumewe.

Mimi sikuweza kujizuia. "Sista, lakini si yeye ndiye mwenye nguvu?"

"Mwembamba naye anaweza kuzidiwa, hatumpuuzi," akasema. "Lakini mafuta ya tumbo si nguvu. Ukilala chali yanasukuma mapafu juu, na kama misuli ya kuvuta hewa imelegea, mafua yanageuka vita. Kila msimu wa baridi tunawaona. Muulize fundi, tepu yake ndiyo iliyoona."

Patrobas alitoka Jumanne kwa miguu yake mwenyewe. Alhamisi alirudi na chupa ya uji, akasimama mbele ya Wesonga. "Niaje, mwenye akiba?" Wesonga, oksijeni puani, alimtishia kwa ngumi, na Nekesa akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Wesonga alikaa wodini siku kumi na moja.

Mwisho wa Agosti akaja kibandani kupimwa upya. Alikuwa ametembea kutoka Kaloleni. Kiuno arobaini na moja. Foleni yote, hata Patrobas, ikasogea kuitazama tepu.

"Toa yote," Anti akasema. "Haya, vuta."

Tepu ikasogea inchi moja. Ikasogea tena, polepole. Ikasimama.

"Mbili. Nusu bado."

"Wewe shona na hiyo nusu," Wesonga akasema. "Naijia."

Anti akachukua mkasi, akakata kitambaa cha pumzi ya mbili na nusu.