Watu Waliotembea kwa Mstari

Nikiwa na miaka tisa, pale Fizi, milimani juu ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, niliogopa watu wanaotembea kwa mstari. Sikujua sababu. Mama naye aliogopa. Wanawake wakipita na mizigo kichwani, wamefuatana, alinivuta ndani na kufunga mlango. "Nyamaza. Batakusikia," alininong'oneza, na moyo wake niliusikia ukigonga mgongoni mwangu.

Siku moja mwalimu alitupanga mstari twende kanisani. Msichana wa nyuma yangu akanishika bega. Nilipiga kelele, nikakimbia mpaka nyumbani, nimejikojolea.

Bibi, mama yake mama, alikuwa akimenya mihogo uani.

"Ulikimbia nini?"

"Sijue, bibi. Batoto banatembea mustari."

Kisu kikamponyoka. Akamwita mama, akatukalisha chini wote wawili.

"Ni mi nilikufundisha kuogopa," alimwambia mama. "Sababu sikukuambia."

Akasimulia kwamba wakati huo yeye alikuwa mdogo kama mimi. Yeye na yaya wake, dada yake mkubwa, walikuwa wakichota maji ziwani, upande wa mji wa Baraka, wakatokewa na wakamata watumwa. Bibi alijificha kwenye matete. Yaya alishikwa, akafungwa kamba shingoni nyuma ya wengine, wakaondoka kwa mstari.

"Aliniita mpaka sauti ikapotea. Sikuitika."

Mama alimtazama kama mgeni. "Miaka yote hii, nilifikiri ni mi iko na kichwa mubaya."

Wiki iliyofuata bibi alitaka tushuke Baraka. Tulipanda lori la pamba, mama kanishika mkono hadi ukauma. Ufukweni wavuvi walikuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa lile. Bibi akaingia majini mpaka magotini. Nilidhani hatarudi, nikaanza kulia. Akaita jina la dada yake, ambalo sikuwahi kulisikia. Akaita tena, kwa nguvu.

"Yaya! Nilikusikia! Niko hapa!"

Wavuvi wakaacha kazi. Mama akaingia na nguo zake, akamshika kiuno, akaita naye.

Kikongwe mmoja muuza samaki akasogea. "Kwetu balipeleka kaka yangu," alisema, akamtoa bibi majini, akamfunika kitenge chake. Wakakaa mchangani wakiongea, mama katikati. Lori likapiga honi, hawakusikia. Likatuacha.

Tulilala kwa yule kikongwe, kesho yake tukapanda milima kwa miguu. Niliendelea kuogopa miaka mingi, ila nikiulizwa naogopa nini, nilikuwa na la kujibu.