Kilio Ndani ya Pipa

Saa tatu asubuhi, muuguzi anafuta mafuta kwenye mikunjo ya shingo ya kichanga. Anafuta taratibu kwa kitambaa cha pamba, habakizi hata tone.

"Jamani dada, si nimempaka sasa hivi!" mama mtoto analalamika.

"Mdogo wangu, penye oksijeni nyingi mafuta ni moto. Huko nje mpambe utakavyo. Humu anaingia kama alivyozaliwa."

Anampakata, anaingia naye. Mlango wa chuma unafungwa. Mama anabaki nje, pua kaigandamiza kwenye kidirisha cha duara.

Muuguzi huyu, wenzake humwita Mama Pipa, kwa kuwa chumba hicho cha hewa iliyoshindiliwa kinafanana na pipa lililolazwa. Humo huingizwa baadhi ya watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Tiba yenyewe bado inachunguzwa, wala yeye hamwahidi mzazi kitu.

Mwanawe mwenyewe, sasa ana miaka tisa, naye alizaliwa kimya. Wakati huo pipa halikuwapo. Hadi leo hulishwa kwa kijiko, na shingo haijakaza.

"Watu husema nina huruma," anasema muuguzi. " Ninayo, lakini kijicho nacho kimenijaa tele. Kila ninayempakata humu, moyo huuliza: kwa nini huyu, si wangu?"

Leo, hewa inapozidi kushindiliwa, kichanga anakunja uso, anaachama, analia. Tangu azaliwe hajawahi kulia hivyo. Nje, mama anaona kinywa tu. Chuma hakipitishi sauti. Anagonga kioo.

Kidole cha muuguzi kiko kwenye kitufe cha kipaza sauti. Kinasita. Kilio kama hiki alikingoja kwa mwanawe, akakikosa. Anakisikiliza peke yake mpaka machozi yanamlengalenga. Ndipo anabonyeza, kilio kinasikika nje.

Mama anaketi kitako sakafuni, anacheka huku analia.

"Mbona ulinichelewesha, dada?" anauliza baadaye, mtoto kifuani. "Wivu ulinitafuna! Akulilie wewe kwanza?"

"Na mimi ulinitafuna, mdogo wangu. Tulikuwa tunaoneana wivu dirishani."

Muuguzi ameuomba uongozi wa hospitali uwafunze akina mama waliokwisha kupata nguvu, waingie wao na watoto wao. Akikubaliwa, atakuwa amejinyang'anya kiti chake cha pipani.

"Kitaniuma, sisemi uongo," anasema, akikunja kile kitambaa chenye mafuta. "Lakini kilio cha kwanza ni cha mama. Mimi nitasimama dirishani. Jioni nitarudi kwa wangu, nimpake mafuta mwili mzima. Yule hakuna wa kunikataza."