Dishi Nililolirudisha Bila Kuuliza

Mwanangu, kuna Jumanne moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo natamani kujizaba kofi. Umeniambia unataka kubadilisha kampuni ya televisheni kwa sababu umeona bei nafuu, na fomu umeshaikunja mfukoni. Basi itoe hiyo fomu, uiweke mezani, ukae. Nina hasira, lakini si kwako. Bado.

Nilikuwa kijana wa Bwera, huku Uganda mpakani na Kongo, ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni. Miaka minne ya kusoma baada ya kazi, nikatoka na cheti nilichokitundika ukutani juu kabisa, mpaka mgeni alilazimika kuinua kidevu kukisoma. Nilijiona nimesoma kuliko wilaya yote ya Kasese ukijumlisha na milima yake. Tuliishi nyumba ya kupanga yenye milango mitano, na milango yote mitano ilikuwa na dishi moja na dekoda moja. Dekoda ilikaa chumbani kwangu. Nyaya zilipita juu ya dari hadi kwa majirani, kwa hiyo nilichokiangalia mimi ndicho walichokiangalia wote. Nikibonyeza mpira, nyumba nzima ni mpira. Nilikuwa serikali.

Sheria ilikuwa moja tu. Kila jioni saa moja kamili niliweka chaneli ya Kongo, kwa ajili ya Mzee Thembo wa mlango wa mwisho. Alifanya kazi mgodini ujanani, miguu ikamwisha, akawa mtu wa kitandani. Binti yake Kabugho aliolewa Beni, huko Kongo, na fundi baiskeli. Siku zile upande wa Beni watu walikuwa wanakimbia vita, na simu ya Kabugho ilikuwa imenyamaza. Mzee alikuwa anaangalia habari akitafuta sura ya mtoto wake katika wale watu wenye magodoro vichwani. Saa nzima. Sisi wengine tulisubiri.

Ndipo akaja kijana wa mauzo kutoka Kasese. Tai nyekundu, na tabasamu la kuwasha taa kuanzia Bugoye hadi Muhokya.

"Bosi, bado mnalipia dishi?" aliniuliza. "Hii yetu ni antena ndogo tu. Bei ya soda! Rudisha dishi na dekoda ya zamani, mpya unapata nusu bei."

"Ina mpira?"

"Mpira? Bosi, utaona mpira mpaka uuchukie."

Masika, jirani yangu muuza samaki wakavu, alisimama mlangoni amejishika kiuno. "Bwambale, wewe ndiye umesoma. Hiyo karatasi inasema nini?"

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, maandishi kama siafu. Sikusoma hata mstari mmoja, mwanangu. Niliifunua taratibu, nikatikisa kichwa kama jaji, nikasema, "Inasema vizuri." Nikatia sahihi yenye mkia mrefu kuliko mto Mubuku. Kijana akapanda paa, akang'oa dishi letu, akalifunga kwenye bodaboda, akaenda.

Saa moja ilipofika, nilizungusha chaneli zote. Nyimbo, filamu, mahubiri, mtu anapika keki. Kongo hakuna. Kutoka mlango wa mwisho nikasikia sauti:

"Bwambale! Saa yangu imefika. Kongo iko wapi?"

"Mtandao, Mzee. Kesho itarudi."

Nilidanganya. Na nitakuambia jambo ambalo sikuwaambia majirani. Sikuisahau ile saa ya Mzee. Kijana wa mauzo aliponiuliza tunaangalia nini, niliikumbuka vizuri sana, nikasema mpira na filamu. Nilikuwa nimeichoka. Niliona bei nafuu itaniondolea gharama, na itaniondolea Mzee pia, bila mimi kumwambia neno. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa hadi leo.

Kesho yake Mzee aliuliza tena. Siku ya tatu hakuuliza. Masika alimpelekea uji, akarudi nao. "Hataki kula," aliniambia. "Anasema hata kwenye televisheni sasa mtoto wake amekufa. Ulisoma nini kwenye ile karatasi, wewe?"

Nikapanda gari hadi Kasese. Ofisini kwao nilifoka mpaka nadhani mtaa mzima wa Bulembia ulifunga madirisha. Nikawaita wezi. Dada wa kaunta alinisubiri nimalize, akatoa fomu. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi soma hapa, kwa sauti."

Nikasoma, watu wote kwenye foleni wakisikiliza. Chaneli za nchi jirani hazimo. Vifaa vya zamani vikishapokelewa havirudishwi. Kiingereza chepesi, mwanangu, cha mwaka wa kwanza wa masomo yangu. Dishi letu lilikuwa limeshapelekwa Kampala. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa anapiga kelele?" Wakacheka. Kijana wa tai nyekundu alikuwa pale pale, akijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Sikuwa na uso wa kurudi nyumbani. Ijumaa, siku ya soko la Mpondwe, pale mpakani, nikaenda kusimama pale wanawake wanapovuka kutoka Kongo na mizigo. Kila aliyepita nilimuuliza: unatoka Beni? Unamjua Kabugho, mke wa fundi baiskeli? Niliwauliza watu elfu kumi, au labda mia moja, lakini jua lile liliwahesabu elfu kumi.

"Angalieni huyu!" mmoja aliwapigia wenzake kelele. "Anatafuta bibi ya wenyewe!"

"Kijana, oa wako!"

Mchana ulipokaribia kwisha, mama mmoja muuza mawese alitua ndoo yake. "Kabugho ya fundi? Ule mwenye pengo hapa?" Akagusa jino la mbele. "Iko Butembo na batoto yote. Iko muzima. Simu ndiyo balimwibia mu njia."

Nilikimbia. Nilimkuta Mzee Thembo ameelekea ukutani. Nikamwambia. Akanifanya nirudie mara tatu, na pengo la jino nirudie mara nne. Kisha akageuka, akaomba uji. Nilidhani ataniombea baraka. Alinitazama juu hadi chini.

"Bwambale. Miaka minne ulisoma. Ulisomea nani?"

Nilinunua dishi lililotumika, nikalipandisha mwenyewe, na saa moja ikarudi kuwa ya Mzee. Lakini swali lile hakulifuta, na mimi sijalifuta.

Sasa nisikilize. Bei nafuu si dhambi. Kampuni ikikunyonya, ihame. Lakini kabla hujahama, pita kila chumba cha nyumba yako, umuulize kila mtu anaangalia nini, na kwa nini. Anza na yule anayekuchosha. Soma karatasi yote, hasa kama wenzako wamekuamini uwasomee. Kile cha zamani usikiachie mpaka kipya kimewaka kwako, mbele ya watu wako. Na ukikosea, usiseme ni mtandao.

Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kuuliza. Wanaokutegemea wasije wakalala na njaa kwa sababu ya sahihi yako, na habari za wapendwa wako zikufikie wakiwa wazima. Haya, ifungue hiyo fomu. Ukurasa wa kwanza, nisomee.