Mume wa Dini Mbili

Aida alikuwa akishona mabuibui katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, Bi Khairiya, huko Kibokoni, na mwaka ule wa 1995 alivunja sindano nyingi mno. Hasira zilikuwa mkononi. Akikanyaga cherehani, cherehani ikilia kama inapigwa.

Mumewe, Kitsao, alikuwa amesilimu ili amuoe, akaitwa Ishaq. Mwanzo walikaa vyema. Kisha akahamia mtaa wa Buxton kwa mwanamke mwengine, wala hakurudi, wala hakutoa talaka. Wazee walipotumwa kumuomba, aliwajibu, "Mimi nimuache kwa nini? Nani kamfukuza?" Basi Aida akabaki ametundikwa, si mke si mtalaka. Na huku Faraj, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyefiwa na mkewe, ameshamuuliza Bi Khairiya kwa adabu kama jambo lile litakwisha lini.

Aida akaenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe, kwa kuwa mume amemtelekeza. Siku ya kesi Kitsao aliingia kichwa wazi, msalaba unaning'inia kifuani.

"Mimi naitwa Morgan Kitsao," alisema. "Huo Uislamu nishauacha. Mimi ni mtu wa kanisa."

Kadhi alimtazama, kisha akamgeukia Aida. "Mwanangu, hii si baraza ya msikiti, ni korti ya serikali. Sheria imenipa ndoa, talaka na mirathi, na pande zote mbili ziwe ni Waislamu. Huyu asema si Mwislamu. Sina mkono wa kumfikia."

"Lakini sheikh," Bi Khairiya akadakia, "mtu akitoka katika dini, ndoa si yavunjika yenyewe?"

"Kidini lina maneno yake hilo, Bi Khairiya. Lakini kesho akija akasema amerudi, mtamuonyesha nini? Nyinyi mwataka hukumu. Tafuteni korti nyengine."

Wakatafuta. Wakaenda kwa hakimu, wakangoja kwenye mabenchi pamoja na wezi wa kuku na watu waliopigana sokoni. Kesi ilipoitwa, Kitsao akaingia amevaa kanzu na kofia ya viua, amenyoosha uso kama mtu atokaye kuswali.

"Mheshimiwa, mimi ni Mwislamu," alisema. "Jina langu Ishaq. Mambo ya ndoa yangu ni ya kadhi."

"Muongo!" Aida aliruka. "Kwa kadhi alikuja na msalaba!"

Hakimu akagonga meza. "Bi, ukipiga kelele tena nitakutoa nje." Kisha akasema kwamba ndoa ilifungwa Kiislamu, na mume mwenyewe anakiri kuwa ni Mwislamu, kwa hivyo mahali pake ni kwa kadhi.

Wakarudi kwa kadhi. Kitsao akarudi akiwa Morgan.

Walipotoka, Aida alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Hebu niambie," alisema. "Leo wewe ni nani?"

"Leo mimi ni mtu huru," Kitsao alijibu, akacheka.

Aida akavua kiatu. Lau si Bi Khairiya kumshika mkono, siku ile angeingia korti ya tatu, ya kupiga watu.

Aliyewanasua ni wakili mmoja wa kike, Nanjala, aliyekuwa na ofisi Makadara juu ya mkahawa wa pilau. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote.

"Bi Aida," alisema, "huko kote ulikokwenda ni korti za chini. Ya kadhi na za mahakimu, kila moja ina mpaka wake, na mumeo ameujua huo mpaka, anauruka. Juu ya korti hizo kuna Mahakama Kuu. Hiyo yaweza kusikiza hata ndoa ya Kiislamu, na kuihukumu kwa sheria ya Kiislamu. Juu kabisa iko Mahakama ya Rufani, ya mtu asiyeridhika."

"Na mbona hakuna aliyeniambia?"

"Walikuambia wao hawawezi. Hukuwauliza ni nani aweza."

"Nilidhani hiyo ndiyo kazi yao!" Aida alifoka, mpaka walaji wa pilau chini wakainua vichwa.

Mahakama Kuu nayo ilikuwa na mambo yake. Jaji wa kwanza akahamishwa kabla ya kusikiza neno. Alipokuja mwengine, Kitsao akaugua tumbo. Alipopona, mkalimani hakuonekana. Katika ngojangoja hiyo Faraj akaoa huko Malindi. Hakuna aliyemlaumu, hata Aida mwenyewe, na kukosa wa kumlaumu ndiko kulikomchoma zaidi.

Hatimaye kesi ikasikizwa. Kitsao alikuja na shati jeupe tu, hana kofia wala msalaba, nadhani hakujua avae kipi. Jaji akamuuliza dini yake.

"Mheshimiwa, hilo... lategemea," alisema.

Watu wakaangua kicheko. Jaji hakucheka.

"Mbele yangu halitegemei kitu," alisema. "Ukiwa Mwislamu nitakuhukumu, na ukiwa Mkristo nitakuhukumu. Ninachotaka kujua ni hiki: tangu ulipohama, umemtunza mke huyu? Umemlisha? Umefika hata mlangoni kumjulia hali?"

Kitsao alikuwa amejiandaa kwa swali la dini peke yake.

Jaji akataka rai ya kadhi kuhusu sheria ya Kiislamu, kisha akatoa hukumu: ndoa imevunjwa.

"Nitakata rufani!" Kitsao alisema.

"Ni haki yako," jaji akamjibu, akaita kesi nyengine. Rufani yenyewe haikukatwa. Kitsao hakuonekana tena.

Nje, Bi Khairiya alimkumbatia Aida. "Alhamdulillahi, mwanangu. Sasa utakaa eda."

"Eda?" Aida alisimama pale pale. "Nimekaa miaka hii yote nangoja, bado kuna kukaa kwengine?"

"Sheria ndiyo hiyo."

"Ya korti gani, shangazi?"

Alikaa eda hiyo, akiwa amenuna toka mwanzo hadi mwisho. Baadaye wanawake wa mtaani, na wengine kutoka Tononoka, wakaanza kumjia: huyu ametelekezwa, yule amenyimwa mirathi na kakake. Aida hakuwakaribisha kwa maneno matamu. Alikuwa akiendelea kushona, uzi mdomoni, na kabla hawajakaa vizuri huwauliza, "Mtu wako ni wa dini gani? Leo, si jana!" Kisha huwaelekeza waanzie wapi, na hukasirika sana wakimwambia kwamba hawakujua.