Radi ya Dufu

Nafundisha chekechea hapa Chumbageni. Wiki iliyopita somo lilikuwa radi: ikinguruma, usikimbilie mtini, chuchumaa uzibe masikio. Radi ya kufanyia mazoezi haikupatikana, nikaazima dufu madrasa ya jirani. Kila nikilipiga tunachuchumaa sote, mimi wa kwanza, maana ndiye mwalimu.

Juzi tulikuwa na mahafali. Mgeni rasmi alipoingia, vijana wa madrasa wakampokea kwa madufu. Watoto wangu wote, na majoho yao, wakachuchumaa. Mgeni akabaki kasimama, mkono wa salamu uko hewani.

Madufu yakanyamaza.

“Mwalimu Zuhura,” mkuu wa shule akauliza, “nani kawafundisha haya?”

Ilibidi ainame kuniuliza. Nami nilikuwa chini, masikio nimeyaziba.