Nilisema Namsindikiza Tu

Sikusema nahama. Nilisema namsindikiza. Mume wangu alilisikia neno hilo vizuri kabisa, maana si kiziwi, lakini alijifanya hakuona tofauti, akaendelea kupima godoro lake kwa futi kamba.

Yeye ni mtu wa Songea. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akishona viti vya magari mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, na vumbi la sponji pamoja na harufu ya gundi vikamkaa kifuani, ikawa kukohoa kwake kunatangulia kufika nyumbani kabla yake. Daktari akamwambia aachane na kazi ile. Akaachana nayo. Kisha akasema anataka kurudi kwao, kwenye nyumba ndogo aliyokuwa akiijenga taratibu nje kidogo ya mji, apande mahindi, avute hewa isiyo na gundi. Alisema, "Nataka kurudi." Hakusema, "Turudi." Nilikuwa naosha vyombo, nikaendelea kuosha.

Mimi ni mtoto wa Mchafukoge. Nimezaliwa pale, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, na nikaolewa nikahamia jengo la pili yake, basi. Nina meza yangu ya vitenge Kariakoo na wateja wanaoniita shangazi hata kama wamenizidi umri. Nikiamka nisisikie mikokoteni ikigongana na wabeba mizigo wakitukanana kwa mapenzi, nadhani kuna msiba. Huko Songea ningemuuzia nani? Ningegombana na nani? Mume wangu nampenda, sioni haya kusema, na kifua chake kilikuwa kinaninyima usingizi. Lakini mtu hahamishwi kwa kusikia tu kwamba mwenzake anataka kurudi. Mtu anaambiwa. Mtu anaombwa. Nikangoja kuombwa, na kila siku ikipita hasira zangu zilizidi kuiva.

Watu wengine wangekodi lori, wakapakia vyombo, wao wakapanda basi. Yeye alisema kifua chake hakitaki mwendo wa mabasi, heri aende pole pole, akichoka alale. Akanunua kosta chakavu iliyokuwa imestaafu kubeba abiria, akaifanyia ufundi wake wote. Aling'oa viti, akatengeneza kitanda cha upana mzuri chenye godoro alilolivalisha kitambaa cha bluu. Akashona mapazia, akashona mifuko ya ukutani ya kutilia vikombe na sufuria ili visigongane njiani. Jiko dogo la gesi akalifunga nyuma kwa mikanda. Rangi ya nje hakuigusa, alisema ya nje ni ya watu, ya ndani ni yetu. Watoto wa jengo wakaiita konokono.

Majirani walikuja kukagua, mmoja mmoja, wakibonyeza godoro kama wanachagua embe. Mama mmoja wa Kiarabu, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alikaa kitandani akajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo unaenda, dada?"

"Namsindikiza tu. Tukifika Chalinze napanda basi narudi."

"Mume anasindikizwa mpaka Chalinze?"

"Kwani wewe wako unamsindikiza mpaka wapi?"

"Wangu mlangoni tu, akirudi asirudi."

Tukacheka mpaka kosta ikatikisika. Jirani alishuka akiwa bado anacheka. Mimi nilibaki nimelishika pazia, nikiangalia jinsi mishono ilivyonyooka.

Siku ya safari nilikwenda soko la Feri asubuhi, nikanunua samaki changu, nikamkaangia na kumfungia kwenye gazeti. Mke anayeachwa, akili zake ndizo hizo: anamkaangia samaki anayemwacha. Nguo zangu nyingi niliziacha kabatini. Nilibeba mkoba mmoja tu, nao niliuweka miguuni, aone kwamba sikuupandisha kitandani. Aliuona. Akatia gia.

Kutoka Kariakoo ni safari ndani ya safari. Mikokoteni ya marobota mbele, bodaboda ubavuni, muuza maji ananing'inia dirishani. Mpaka tunaivuka Kimara alikuwa ameshanisimulia barabara yote iliyobaki: wanyama wa Mikumi watakavyokuwa wamesimama kando ya lami, ule mlima wa Kitonga na malori yanavyoupanda yakiguna, baridi ya Makambako, halafu Njombe, ambako alisema atalala asubuhi nzima chini ya mablanketi mawili.

"Ukifika utanipigia uniambie," nikamwambia.

"Nitakupigia," akajibu.

Hivyo tu! Hakubisha, hakununa. Ningekuwa na kitu cha kumrushia ningemrushia, lakini vyombo vyote alikuwa ameshavishonea mifuko.

Tulipofika Mlandizi kikohozi kikamkamata, akaegesha kando. Nikawasha jiko, nikachemsha chai ya tangawizi, tukakaa kitandani mlango ukiwa wazi, miguu ikining'inia. Upepo ulipita katikati ya mapazia. Hakuna aliyetuita, hakuna aliyebisha hodi, hakuna mteja. Nilitulia, na kutulia kwangu kukaniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuchukia kila kitu cha safari ile. Akanywa vikombe viwili, kifua kikalegea. Akasema chai yangu njiani ni tamu kuliko ya nyumbani. Nikamwambia ni njaa.

Chalinze akasimamisha gari karibu na mabanda ya wauza machungwa, akazima injini. Nikauchukua mkoba wangu, nikashuka.

"Haya, mzee wangu. Mimi nimefika."

Naye akashuka, akaja mpaka niliposimama. Nilidhani ataniambia la kuniambia. Akanipa mkono kama mtu na mgeni wake.

"Asante sana kwa kunisindikiza, bibie."

"Asante nawe. Endesha pole pole."

"Sasa ingia ndani, na mimi nikusindikize."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nyumbani."

Nikadhani utani. Wangoni kwa utani hawajambo, na huyu wangu ndiye mwalimu wao. Lakini alikwisha rudi kwenye usukani, akaipinda konokono ile barabarani, ikaelekeza pua yake Dar es Salaam, na wauza machungwa wakatupisha.

Kwetu Pwani mgeni hafungiwi mlango angali kwenye ngazi. Unatoka naye. Unamfikisha kituoni, na mkifika kituoni kumbe maneno hayajaisha, basi naye anakurudisha nusu ya njia, nawe unaona aibu kumwacha, unamgeukia tena. Siku za uchumba wetu tulikuwa tukisindikizana hivyo kati ya Gerezani na Mchafukoge, kwenda na kurudi, mpaka mama yangu akafungua dirisha akapiga kelele, "Si mlale hukohuko barabarani!" Yeye alikuwa kijana mgeni mjini, hakujua kama adabu ile ina mwisho. Mimi nilijua, sikumwambia.

"Una wazimu?" nilimpigia kelele nikiwa nimeshaingia. "Umetoka Dar, umefika Chalinze, unarudi Dar! Na kifua hicho!"

"Mimi adabu nimefundishwa na watu wa Pwani. Mtu hakusindikizi mpaka Chalinze, halafu ukamwacha apande basi peke yake."

"Halafu tukifika?"

"Tukifika tutaona nani zamu yake."

Njia nzima ya kurudi samaki alikaa kwenye gazeti katikati yetu, hakuna aliyemgusa. Mara mbili nilimtazama mume wangu nikaona jasho limemlowesha kola. Nikaelewa kwamba asingechoka. Angenirudisha, na kama ningetoka tena kumsindikiza angenirudisha tena, mpaka gari lifie njiani au yeye. Nilishikwa na hofu, na chini ya hofu nilikuwa na furaha ambayo sikutaka aione.

Tuliingia Kariakoo jua limeanza kupoa. Akapata upenyo kando ya mtaa, si mbali na meza yangu, akauingia, akazima. Hakushuka. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Nimekufikisha," akasema.

"Nimefika."

Akakohoa, akatulia. Halafu akazungumza bila kugeuka, akikiangalia kioo cha mbele.

"Nilikuwa naogopa kukuomba. Ungesema hapana, mimi ningeondokaje? Nikaona bora nisiombe, nishone godoro la watu wawili, labda utaliona." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa nakuomba. Twende wote, mke wangu. Meza yako tutaifungua sokoni kule. Na ukishindwa kuishi kule, nitakurudisha mimi mwenyewe, kwa gari hili hili."

Maneno niliyokuwa nimeyangoja muda wote ule yalikuwa yamefika, na mimi nimekaa nimeukumbatia mkoba wangu.

Hapo mlango ukavutwa. Mama mmoja mnene akajipandisha na furushi la viatu vya mtumba, akahema, akalitupa furushi sakafuni, akajibwaga katikati ya kitanda chetu. Akajinyoosha kanga. Akapapasa godoro.

"Heh! Mmeboresha, siku hizi mnaweka mpaka magodoro! Hili la Mbagala, eti?"

Nikamwona mume wangu kwenye kioo cha dereva, macho yake yamenikazia.

"Haliendi Mbagala, mama," nikasema.

"Sasa linaenda wapi?"

"Songea."

"Songea!" Akalivuta furushi lake haraka, kisha akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye mkoba. "Na wewe ndo konda?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mke wake. Naenda naye."

Mume wangu akageuka kwenye kiti, akatutazama sote wawili, machozi yakimtiririka mbele ya abiria.