Namba ya Marehemu Iliyoitika

Sikuhama, na sihami. Nalisema hili mwanzoni ili anayesoma asidhani naandika kutoka chumba cha wageni cha mtoto wangu kule Dar es Salaam. Naandika kutoka Igoma, hapa Mwanza, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, na mezani mbele yangu kuna kisanduku cheupe ambacho taa yake ya kijani inawaka. Kisanduku hiki nusura kinitoe humu. Kusema kweli hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Mwaka jana nilianguka karibu na tangi la maji. Nyonga ikagoma. Nililala pale tangu asubuhi hadi karibu saa sita, simu ikiwa mfukoni mwa shati, na mwanangu mkubwa alipopiga kunijulia hali nilipokea nikamwambia niko salama, nipo uani naota jua. Muuza maziwa ndiye aliyenikuta. Tangu siku hiyo watoto wangu hawaiamini sauti yangu, na siwezi kuwalaumu.

Wakakaa kikao. Mkubwa akasema nyumba ifungwe, nikaishi kwake. Mimi nikasema mke wangu alitolewa nyumba hii akiwa kwenye jeneza, na mimi nitatoka vivyo hivyo. Ndipo binti yangu, ambaye anafanya kazi ya mitambo ya kompyuta huko Dodoma, akaja na njia ya kati. Akaleta kisanduku. Kinapokea habari kutoka kwa vidude vidogo alivyovibandika nyumba nzima: mlango wa jikoni ukifunguka kinajua, pampu ya kisima ikiwashwa kinajua, nikipita sebuleni kinajua. Yeye akifungua simu yake kule Dodoma anaona baba ameamka, amevuta maji, anapika chai. Makubaliano yalikuwa haya, na niliyakubali mbele yao wote: nyumba ikinyamaza siku saba mfululizo, nahama bila ubishi.

Miezi minne nyumba ilisema. Halafu mvua za vuli zikaja na radi zake. Umeme ukawa unakatika na kurudi mara tatu kwa siku, na asubuhi moja binti yangu akapiga akasema haoni kitu. Kisanduku kilikuwa kinawaka, pampu inafanya kazi, intaneti ipo. Nyumba ilikuwa inasema, ila hakuna aliyeisikia.

Akanieleza kwa subira. Kila kitu kilichounganishwa na intaneti humu ndani kina namba yake, na anayegawa namba ni ruta, ile mashine yenye antena mbili iliyo juu ya kabati. Yeye akibisha hodi kutoka Dodoma, ruta humpeleka namba ishirini, kwa sababu hapo ndipo alipokiacha kisanduku. Sasa umeme ukikatika, ruta husahau iliyogawa na kuanza upya, anayewahi anapata. Mwingine alikuwa ameiwahi ishirini, na kisanduku kimepewa namba asiyoijua yeye.

Nikamwambia angeifunga namba ile tangu mwanzo.

"Ni kweli, Baba, nilisahau. Ila usiguse kitu. Nitakuja mwisho wa mwezi nirekebishe."

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na tisa mbele. Siku saba zilikuwa karibu zaidi.

Nikagusa. Wanaonifahamu hawatashangaa. Ujanani, nilipomaliza kidato cha nne, nilikaa miaka kumi na moja mbele ya ubao wa simu katika ofisi ya kinu cha pamba, nikichomeka waya huu kwenye tundu lile ili meneja azungumze na stoo. Sikuona kwa nini mashine ya juu ya kabati inishinde. Binti yangu alikuwa ameniachia daftari lenye maneno ya siri na orodha ya namba: ruta moja, kisanduku ishirini, kamera ya geti ishirini na moja, pampu ishirini na mbili. Nikavaa miwani, nikaingia kwenye ukurasa wa ruta kwa simu, nikasoma nani amepewa nini. Ishirini ilikuwa kwa televisheni ya mpangaji wangu, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa vyumba vya uani na kutumia intaneti yangu. Ningemwomba aizime dakika tano, mambo yangeisha. Lakini angeuliza sababu, na sikutaka mtu yeyote Igoma ajue kwamba kukaa kwangu hapa kunategemea kidude cha plastiki.

Nikatazama orodha tena. Kamera ya geti ilikuwa imekufa. Ilizima siku ya radi ya kwanza na haikuwaka tena, kwa hiyo namba yake ilikaa bure. Kwetu Ukerewe, katika ukoo wangu, jina la marehemu haliachwi bure. Mtoto anayezaliwa baada ya msiba hupewa, ili likiitwa pawe na wa kuitika. Nilifanya hivyo bila hata kufikiri. Nikakipa kisanduku ishirini na moja, nikaiambia ruta kwamba anayebisha kutoka nje apelekwe huko, nikazima, nikawasha.

Binti yangu akaniandikia kwamba ameona mlango wa jikoni, nimefanyaje? Nikamjibu kwamba fundi wa simu hazeeki.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili nyumba ilianza kuonekana na kupotea kama taa ya wavuvi wa dagaa nyuma ya mawimbi, na kufika mchana ikatoweka kabisa. Nilizima na kuwasha hadi kidole kikauma. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Alhamisi mwanangu mkubwa akapiga.

"Leo siku ya ngapi, Mzee?"

"Ya tano."

"Basi naanza safari kesho alfajiri, Jumamosi nitakuwa hapo na gari. Panga nguo chache tu."

"Karibu ule samaki. Nguo zangu zinakaa kabatini."

"Mzee, uliahidi."

"Niliahidi siku saba. Tano si saba."

Nilikata simu.

Ijumaa asubuhi nikafanya tulivyokuwa tukifanya kinuni sauti zilipogongana kwenye laini: unachomoa nyaya zote, kisha unarudisha mmoja mmoja ukisikiliza. Katika simu yangu binti yangu aliweka programu ya kubishia hodi. Unaandika namba, inabisha, aliyepo anaitika na asiyekuwepo ananyamaza. Nikazima pampu. Nikachomoa kisanduku nikakishika mkononi, waya wake ukining'inia. Nikabisha ishirini na mbili, kimya, sawa. Nikabisha ishirini, televisheni ya mwalimu ikaitika, sawa. Ishirini na moja niliibisha kwa kukamilisha hesabu tu, maana mwenye namba hiyo nilikuwa nimemshika, hana umeme.

Ikaitika. Mara nne, bila kusita.

Nilikaa kitini. Mwitiko wa namna hiyo nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani.

Baada ya kuacha kazi ya kinuni nilirudi Nansio, kisiwani kwetu Ukerewe, kulima. Kaka yangu alikuwa akipeleka machungwa Mwanza kwa boti, na boti ikazama. Wengine waliopolewa, yeye hakuonekana. Tukaomboleza, tukaanua matanga, mimi nikachukua shamba lake la michungwa, na mke wangu alipojifungua mtoto wa kiume nikampa jina la kaka. Miezi sita baadaye mchuuzi mmoja akanieleza kwamba amemwona mtu anayefanana naye kwenye gulio la kisiwa kimoja upande wa Uganda. Nikamwambia watu hufanana. Sikwenda. Sikutuma mtu. Michungwa ilizaa vizuri mwaka ule.

Mwaka wa tatu alirudi. Alisimama uani saa nne asubuhi, mguu mmoja mbovu, wakati mke wangu akimwita mtoto aje kuoga. Aliita jina moja na wakaitika wawili. Kaka yangu akamtazama yule mtoto, akautazama uzio mpya nilioujenga kuzunguka shamba lake, akaniuliza, "Mlinitafuta?" Nikasema ndiyo. Shamba nilimrudishia. Jina halikurudishika. Aliishi Nansio ile ile hadi alipokufa, na hakuwahi kula chakula nyumbani kwangu. Mtoto yule ndiye mwanangu mkubwa, aliyekuwa barabarani akija kunihamisha.

Nikainuka, nikaenda getini. Kwenye kamera palikuwa na kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Waya wake unapita ukutani hadi chumbani kwa mwalimu. Nikabisha kwake; shule zilikuwa zimefungwa, alikuwepo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mwalimu, kamera hii nani ameiwasha?"

"Mimi. Radi zikianza nachomoa kila kitu, hiyo nikaisahau. Jumapili nilikuwa natafuta soketi ya pasi ndiyo nikaiona, nikairudisha. Kwani imeharibika? Maana wiki nzima inakutazama ukizunguka uani unaongea peke yako."

Nikamweleza yote, hadi siku saba na gari lililo njiani. Alinisikiliza, akaniambia kitu nilichostahili kuambiwa.

"Sasa Babu, si ungeniambia tu nizime TV?"

Kamera haikuwa imekufa. Na namba yake imeandikwa ndani yake yenyewe, haisubiri kugawiwa na ruta. Iliporudi ilidai ishirini na moja yake, ikakuta nimemkalisha mwingine. Wawili wakawa wanaitikia namba moja, kila mmoja akimzima mwenzake. Nikaiachia kamera kilicho chake. Kisanduku nikakipa thelathini, namba ambayo hajawahi kuitwa nayo mtu, nikaifunga kwenye ruta isigawiwe kwingine na anayebisha kutoka nje apelekwe huko, nikaandika daftarini. Nikabisha thelathini, ikaitika. Nikabisha ishirini na moja, ikaitika. Binti yangu akapiga akicheka, akisema anaona mlango, pampu, hata geti. Nikamwambia kosa ni langu: niliizika kamera kabla ya kutazama waya.

Mwanangu alikuwa ameshafika Singida. Jumamosi jioni aliingia, akala sato, akaangalia taa ya kijani, akasema ni bahati tu, ikizima tena itakuwaje. Begi tupu alikuwa ameliweka kando ya kabati langu.

Hapo nikamweleza habari ya mchuuzi. Alijua baba yake mkubwa alizama akarudi. Hakujua kwamba habari iliwahi kufika.

"Kwa hiyo ulisikia, na hukwenda."

"Sikwenda. Na akaniuliza, nikamdanganya. Wewe umebeba jina la mtu niliyemzika mzima, ndiyo maana nakwambia wewe kabla ya wenzako. Mimi sihami. Nyumba ikinyamaza, usije na begi. Njoo ubishe hodi. Tazama waya. Ukinikuta siwezi, tutazungumza."

Kwa nje niliisikia televisheni ya mwalimu.

"Lakini nimekuja, Baba," akasema. Kwa kawaida huniita Mzee.

Ni kweli alikuja, safari ya siku mbili, kwa sababu ya kimya cha siku tano. Mimi kwa miaka mitatu sikuvuka maji.

Jumatatu alfajiri alirudisha begi garini likiwa tupu. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa mwalimu akaubana ule waya wa kamera kwenye soketi kwa utepe wa fundi umeme, kisha akasimama getini, mbele ya kamera, na kunipungia mkono ingawa nilikuwa nyuma yake hatua tatu tu.

Mchana ule umeme ulikatika, ukarudi. Nikabisha thelathini. Ikaitika.